Chujio la mlonge na mkaa wa vifuu: ni Kemia, Mazingira au Uhandisi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu katika Kaunti ya Kilifi. Tumetengeneza chujio la maji kwa ndoo mbili, mchanga, mkaa wa vifuu vya nazi na unga wa mbegu za mlonge, kwa ajili ya watu wanaochota maji ya Mto Sabaki. Mwalimu wetu wa kemia anasema mradi huu ni wa Kemia, na mwalimu wa biolojia anasema ni wa Mazingira. Sisi tunataka kuuandikisha katika Uhandisi kwa sababu tumeunda kitu kwa mikono yetu, na pia tumesikia kwamba kitengo hicho hakina miradi mingi katika kaunti ndogo yetu. Mpaka sasa tumejaribu mbegu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kila lita ya maji, tukapima muda wa maji kutakata na jinsi alama nyeusi inavyoonekana chini ya chupa ndefu. Chujio lenyewe tumelijaribu mara moja tu. Je, tuchague kitengo gani?

Jibu: Marahaba, wanangu. Kwa kuwa mmeuliza waziwazi, nitaanza na jibu lenyewe: kwa ushahidi mlionao leo, mradi huu ni wa Kemia. Unaweza kuwa wa Uhandisi kabla ya siku ya mashindano, iwapo mtafanya kazi nyingine ambayo bado hamjaifanya. Kwenye Mazingira naona uko mbali zaidi kuliko mwalimu wenu wa biolojia anavyodhani, ingawa naelewa ni nini kilichomvuta huko.

Sababu yangu imo ndani ya barua yenu. Mmetaja kile mlichokibadilisha, ambacho ni idadi ya mbegu kwa lita, na mmetaja kile mlichokipima, ambacho ni muda wa maji kutakata na kuonekana kwa alama. Hayo mawili ndiyo mradi wenu, kwa sababu ndiyo yatakayojaza jedwali la matokeo, na jedwali hilo ndilo litakalochorewa grafu, nayo grafu ndiyo itakayozaa hitimisho. Ndoo hazimo katika jedwali hilo. Mchanga haumo, na hata mkaa wa vifuu, ambao mimi nauona kuwa sehemu yenye mvuto mkubwa kuliko zote, haumo. Kitengo cha mradi huchaguliwa kwa kusoma daftari la majaribio, na kitu kilichopangwa mezani mbele ya bango hakitoshi kukiamua, hata kama ndicho kilichowagharimu jasho na fedha.

Shirika la Society for Science la Marekani, ambalo huendesha ISEF, mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari, yenye vitengo 22 na ambayo baadhi ya washindi wa maonyesho yetu ya kitaifa hapa Kenya wamewahi kushiriki, huwashauri wanafunzi wenye mashaka kama yenu wajiulize mambo mawili. La kwanza ni nani anayestahili zaidi kuuhukumu mradi huu, yaani jaji awe na ujuzi wa fani gani ili aelewe thamani ya kilichofanyika. La pili ni kitu gani katika mradi ndicho kipya, cha pekee au chenye uzito zaidi. Nimefanya kazi ya kuwalea wanafunzi na kuhukumu miradi kwa miaka mingi, na sijaona maswali mawili yaliyo bora kuliko haya. Hata hivyo wanafunzi wengi huyajibu haraka mno, kwa hiyo naomba tuyajibu pamoja taratibu.

Tuanze na jaji. Mwazeni jaji wa Uhandisi akisimama mbele ya meza yenu. Atawauliza tatizo mlilokusudia kulitatua lina masharti gani: chujio lilitakiwa kutoa lita ngapi kwa saa, kwa gharama isiyozidi shilingi ngapi, kwa familia ya watu wangapi, na nani atalisafisha na kila baada ya muda gani. Atauliza kwa nini tabaka la mchanga lina kina hicho na si kingine, mlijaribu miundo mingapi kabla ya kufikia huu, wa kwanza ulishindwa wapi, na huu wa sasa mmeujaribu katika hali ngapi tofauti. Katika vigezo vya ISEF miradi ya uhandisi huhukumiwa kwa namna yake: mahali ambapo mradi wa sayansi hutazamwa kwa swali la utafiti, ule wa uhandisi hutazamwa kwa tatizo, masharti yake na mipaka yake, na mahali ambapo sayansi hutazamwa kwa ukusanyaji na uchambuzi wa data, uhandisi hutazamwa kwa uundaji na majaribio ya kifaa. Chujio lililojaribiwa mara moja haliwezi kuvumilia maswali hayo. Mtajibu kwa adabu na kwa kujiamini, sina shaka, lakini mtakuwa mnajibu kwa matumaini badala ya takwimu.

Sasa mwazeni jaji wa Kemia. Atauliza kwa nini mbegu 5 hazikutakasa maji vizuri kuliko mbegu 3, kama ndivyo mlivyoona, na huenda mliona hivyo, kwa maana kila maji ya tope yana kiwango chake cha mlonge kinachoyafaa, na kikizidishwa matokeo huweza kurudi nyuma. Atauliza ni kitu gani ndani ya mbegu kinachofanya kazi. Hapo mtaeleza kwamba mbegu za mlonge zina protini ndogo zinazoyeyuka katika maji na zenye chaji chanya, ilhali chembe za udongo unaoelea zina chaji hasi na kwa hiyo husukumana zenyewe kwa zenyewe na kukataa kutuama. Protini ile inapozifikia, ule msukumano hupungua, chembe hushikamana, huwa mabonge na kushuka chini kama mashapo. Atauliza kama mlipima pH, yaani kiwango cha asidi au besi katika maji, kabla na baada, na kama mlikuwa na chupa ya kulinganishia isiyotiwa mbegu yoyote. Haya ni maswali ambayo ama tayari mna majibu yake, ama mnaweza kuyapata katika wiki mbili za kazi kwenye maabara ya shule.

Jambo hili lina uzito unaohesabika. Katika ISEF bango na mahojiano hubeba alama 35 kati ya 100, na mahojiano peke yake ni 25 kati ya hizo. Robo nzima ya alama hupatikana, au hupotea, katika mazungumzo baina yenu na mtu aliyewekwa mbele yenu kwa sababu ya kitengo mlichokiandika katika fomu.

Swali la pili, la kile kilicho kipya, ndilo linalohitaji ujasiri zaidi, kwa sababu nalazimika kuwaambia kwamba mlonge kutakasa maji si jambo jipya. Wanawake wa vijijini nchini Sudan walikuwa wakitumia njia ya namna hii kwa maji ya Mto Nile kabla ya watafiti kuanza kuiandika, na jaji yeyote wa Kemia aliyehukumu kwa misimu miwili mitatu ameshakutana na mlonge. Hilo lisiwavunje moyo. Ni habari njema kwenu, kwa kuwa mna kitu ambacho miradi mingi ya mlonge haina. Udhaifu unaojulikana wa mbegu hizi ni kwamba huacha ndani ya maji mabaki ya vitu vya asili ya mmea, na maji yaliyotakaswa kwa mlonge pekee yakiwekwa muda mrefu huanza kubadilika harufu na ladha, na vijidudu vilivyobaki hupata chakula. Mkaa nao unajulikana kwa uwezo wake wa kunasa mabaki kama hayo katika vitundu vyake vidogo. Ninyi mmeviunganisha hivyo viwili, na mmetumia kifuu, ambacho huku kwetu Pwani hakikosekani uani. Mkithibitisha kwamba mkaa wa vifuu huondoa kile ambacho mlonge hukiacha, mtakuwa na jambo lenu wenyewe la kusema, na jambo hilo pia ni la Kemia.

Hapo ndipo mwalimu wenu wa kemia yuko sahihi, pengine kwa sababu iliyo nzito kuliko aliyowapa. Nimeshuhudia mara nyingi walimu wakiupeleka mradi katika somo lao kwa sababu wanaipenda fani yao na wanataka kuusaidia kwa ujuzi walio nao. Hilo si kosa, lakini mwanafunzi asitosheke na jina la somo, aombe sababu.

Mwalimu wenu wa biolojia ameona mto, maji machafu na afya ya watu, akasema Mazingira. Ukweli ni kwamba mto wenu ni somo kubwa la mazingira. Maji ya Sabaki hutoka mbali, katika nyanda za juu karibu na Nairobi, yakapita kwa jina la Athi, kisha Galana, hata yanapoingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi yamebeba udongo wa maeneo mengi ya nchi. Kama mngepima kiwango cha tope kila wiki kabla ya masika na baada yake, au kulinganisha sehemu za kingo zilizolimwa na zile zenye miti, au kuuliza udongo huo unayafanya nini matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, hapo ningewaambia bila kusita kwamba mko katika Mazingira. Katika mradi wenu, hata hivyo, mto ni mahali mlipochota maji tu, na matokeo yenu hayatuelezi chochote kuhusu mto wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo mradi wenu haukuwa wa Biolojia eti kwa kuwa mlonge ni mti. Mmea ukitumika kama malighafi haugeuzi utafiti kuwa wa mimea.

Hata hivyo, sharti niseme jambo moja kwa upande wa mwalimu huyo. Mipaka ya vitengo hutofautiana kutoka mashindano hadi mashindano, na jina moja huweza kubeba maana mbili. ISEF ina kitengo cha sayansi za dunia na mazingira, na kando yake kuna kitengo cha uhandisi wa mazingira, ambacho ndicho hupokea kazi za kutafuta njia za kuwapatia watu maji, kutupa taka na kudhibiti uchafuzi. Maonyesho yetu ya Kenya, ambayo wazazi wenu huenda bado wanayakumbuka kwa jina la Kongamano la Sayansi, yana vitengo kama Kemia, Fizikia, Hisabati, Kilimo, Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi, Teknolojia ya Chakula pamoja na Nguo na Sayansi Kimu, na kitengo cha mazingira ambacho jina lake linataja pia usimamizi wa mazingira. Mkivuka mpaka pale Lunga Lunga na kuingia Tanzania, mtawakuta Young Scientists Tanzania, walioanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyokuwapo tangu 1965, wakiwa na vitengo vichache na vipana zaidi: kemia, fizikia na hisabati vimewekwa pamoja, biolojia na ikolojia pamoja, kisha sayansi za jamii na tabia, na teknolojia. Kwa hiyo ombeni mwongozo wa mwaka huu kutoka kwa mwalimu mlezi, msome maelezo ya kila kitengo hadi mwisho. Msiishie kwenye orodha ya majina.

Nirudi kwenye hoja yenu kwamba mmeunda kitu. Ninaiheshimu, na sitaki muidharau kazi ya mikono yenu. Lakini kifaa kimoja kinaweza kuwa cha vitengo vitatu. Katika maonyesho ya kitaifa ya mwaka 2018, wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Keriko kule Nakuru, shule ya mwalimu Peter Tabichi ambaye mwaka uliofuata alipata tuzo ya mwalimu bora duniani, walionyesha kifaa cha kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Chukueni kifaa cha namna hiyo mkifikirie. Kama kiini cha kazi ni kanuni ya kugeuza urefu kuwa hesabu inayoweza kuguswa au kusikika, hiyo ni hisabati. Kama kiini ni jinsi sehemu zake zilivyobuniwa, zikavunjika, zikabuniwa tena mpaka zikadumu, huo ni uhandisi. Na kama kiini ni jinsi watumiaji walivyojifunza kukitumia na makosa yaliyopungua baada ya mazoezi, hiyo ni sayansi ya tabia. Kifaa ni kilekile katika hali zote tatu, lakini ushahidi unaokizunguka haufanani.

Sasa hoja yenu ya mwisho, ya kitengo chenye miradi michache. Najua inasemwa sana, tena husemwa na watu wazima. Mimi pia niliwahi kuifuata. Nilipokuwa mwalimu mlezi kijana, nilikuwa na wanafunzi waliotengeneza kikaushio cha maembe kinachotumia jua. Niliwashauri waingie kitengo cha Nishati kwa sababu wapinzani walikuwa wachache. Wanafunzi wale walikuwa wamepima uzito wa maembe kila siku, wakaandika maji yaliyopungua na siku zilizopita kabla ya ukungu kuota, kazi safi kabisa. Jaji aliwauliza joto la ndani ya kikaushio saa sita mchana, na kiasi cha nishati ya jua kilichopotea kupitia kioo. Hawakuwa na hata kipimo kimoja. Walirudi nyumbani wakiamini kwamba kazi yao ilikuwa mbovu, ilhali katika Teknolojia ya Chakula kila ukurasa wa daftari lao ungekuwa jibu. Kosa lile lilikuwa langu, na bado linaniuma, kwa sababu mmoja wao hakutaka tena kusikia habari za mradi wa sayansi mpaka alipomaliza shule. Wingi wa miradi katika Kemia hautawadhuru kama wenu umekamilika, na uchache wa miradi katika Uhandisi hautawaokoa kama haujakamilika.

Liko jambo jingine ambalo kitengo hakiligusi, na nalitaja kwa sababu wanafunzi huchanganyikiwa hapo. Masharti ya usalama na ya maadili hufuata kile mlichokifanya, si kitengo mlichokiandika. Mkitaka kuonyesha kwamba maji yenu yana bakteria wachache zaidi, mtakuwa mmeingia katika kuotesha vijidudu, na kazi hiyo haifanywi nyumbani kamwe. Katika kanuni za ISEF hufanywa kwenye maabara inayofaa, kwa usimamizi na kwa idhini iliyotolewa kabla ya jaribio la kwanza. Mkitaka kuwauliza majirani kama maji yana ladha nzuri, mtakuwa mnafanya utafiti unaohusu watu, nao pia unahitaji idhini kabla ya kuanza. Kwa ladha ninawakataza kabisa kwa sasa: maji yaliyotakata machoni hayajawa salama, na hamjapima lolote linalowaruhusu kumpa mtu ayanywe. Hata katika bango msiandike kwamba mmepata maji salama ya kunywa. Andikeni kwamba mmepunguza tope, kwa sababu hilo ndilo mlilolipima.

Kuhusu kupima tope, chupa yenu ndefu yenye alama nyeusi ni njia nzuri, na msiione haya kwa kuwa haina umeme. Ipeni nguvu kwa kuandika kina cha maji, kwa sentimita, ambapo alama inatoweka machoni, badala ya kuandika kwamba inaonekana vizuri au vibaya. Mtazamaji awe yuleyule, katika mwanga uleule, na kila kiwango cha mbegu kirudiwe angalau mara tatu. Mkiweza kuazima kipimo chenye kusoma NTU, yaani kizio cha kupimia tope la maji, kutoka kwa wahusika wa maji walio karibu nanyi, pimeni sampuli chache kwa njia zote mbili mzilinganishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tope la maji ya kunywa lisizidi NTU 5, na ikiwezekana liwe chini ya 1 kabla ya maji kutiwa dawa, kwa hiyo mtakuwa na kiwango cha kuyalinganisha matokeo yenu.

Kama bado mioyo yenu iko kwenye Uhandisi, njia iko wazi, ila ni kazi ya miezi badala ya wiki. Wekeni kiwango cha mbegu kile kilichofanya vizuri, msikibadilishe tena, kisha badilisheni chujio: kina cha mchanga, ukubwa wa vipande vya mkaa, ukubwa wa tundu la kutolea maji. Pimeni lita kwa saa, tope linalotoka, na siku zinazopita kabla chujio halijaziba. Andikeni gharama ya kila toleo na sababu ya kuliacha. Mkiwa na matoleo matatu yaliyojaribiwa hivyo, nitakuwa wa kwanza kusema kwamba mradi wenu ni wa Uhandisi, na lile jedwali la mbegu litakuwa utangulizi wake.

Mkibaki katika Kemia, kama ninavyowashauri kwa muda mlionao, fanyeni jaribio moja zaidi, ambalo kwa maoni yangu ndilo litakalouinua mradi huu. Takaseni maji kwa mlonge, muyagawe katika chupa mbili safi, moja ipitishwe kwenye mkaa wa vifuu na nyingine isipitishwe, na chupa ya tatu iwe na maji ya mto yaliyoachwa yatuame yenyewe. Zifunikeni, mziweke kivulini, kisha mziangalie baada ya saa 24 na saa 48, mkiandika rangi, pH na kina cha kutoweka kwa alama. Harufu mtaipima kwa kufungua kifuniko na kupeperusha hewa kwa mkono kuelekea puani, kama mlivyofundishwa maabarani. Jiandaeni pia kueleza mkaa wenu mliuchomaje, kwa maana mkaa uliochomwa kwenye debe si sawa na ule ulioamilishwa kwa joto kali na mvuke, na jaji atataka kujua kama mnaitambua tofauti hiyo.

Matokeo yakishapatikana, badilisheni kichwa cha mradi. Neno "chujio" likibaki mwanzoni, waratibu wataendelea kuona ndoo, na huenda wakauhamisha mradi wenu bila kuwauliza. Mimi ningeandika "Athari ya mkaa wa vifuu vya nazi katika mabaki ya mlonge ndani ya maji yaliyotakaswa ya Mto Sabaki", kisha katika sentensi mbili za kwanza za muhtasari ningetaja kilichobadilishwa na kilichopimwa. Mpelekeeni mwalimu mlezi kichwa hicho pamoja na jedwali la matokeo kabla hajaijaza fomu ya uandikishaji, na mwalimu wenu wa biolojia mwombeni alikague lile jaribio la saa 48, kwa sababu mabadiliko ya maji yaliyokaa anayafahamu kuliko sisi sote.